Kikombe cha Mujomba Wako Kiko Bado kwenye Musumari

Riziki, mama wangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Umefika namna gani? Mwili uko? Ziwa halikukuvuruga tumbo? Wakati naandika haya bado uko hapa ndani, umelala nyuma ya rido ya kitambaa, na Sifa amekutupia muguu juu ya mbavu kama kawaida yake, nasikia munavyopumua. Lakini utayasoma ukiwa Kigoma kwa shangazi yako, kwa hiyo nakuuliza kama muntu anayeuliza toka mbali. Sisi huku tuko wazima. Papa yako muzima, mudogo wako Sifa muzima, mimi muzima, isipokuwa ile kitu moja unayoijua. Juu ya ile kitu njo nimeshika kalamu.

Habari za kuchemusha maji, kuosha blouse nyeupe ya shule ya uuguzi, kurudi nyumbani kabla ya giza, sitaziandika. Shangazi yako ana mudomo wa kutosha kwa hayo yote, na akichoka majirani zake watamusaidia.

Nataka tuongee juu ya wiki ya kwanza ya mwaka huu. Tulilia juu yake, tukanyamaza juu yake, tukarudi kula bukari ya muhogo na ndagala kwenye sahani moja kama watu waliokwisha kuongea. Lakini hatukuongea. Kesho unapanda mashua, na mimi sitaki uende na kimya changu ndani ya valizi yako ya nguo.

Unakumbuka mwaka uliopita ulivyoisha. Vita ilikuwa imeshuka kando ya ziwa, mashua za wakimbizi zinafika hapa bandarini zimejaa watu na magodoro, na sisi tuko ndani ya simu. Papa yako anakula bukari na mukono wa kuume, mukono wa kushoto umeshika simu, anaangalia watu wanaokimbia. Sifa alikuwa amejua sauti za bunduki, hii ni kubwa, hii ni ndogo, mutoto ambaye bado anakojoa kitandani. Wewe taa yako ilikuwa inawaka chini ya blanketi mpaka jogoo. Na mimi? Mimi njo nilikuwa mubaya kuwapita wote, maana nilikuwa naamini kila kitu na kukirusha kwa wengine kabla hakijapoa. Unakumbuka ile sauti ya mwanaume nisiyemujua aliyesema sisi wa Kalemie hapa wote tukimbie leo leo. Nilimutumia Mama Zaina hapa jirani. Akaamini, maana imetoka kwa muntu wa maombi. Akashuka pwani na wajukuu na mbuzi wake, akakaa juu ya magodoro tangu asubuhi mpaka jua linazama. Hakuna kilichokuja ila mvua. Jioni akapita mbele ya mulango wetu, mbuzi amelowa kabisa, akasema bila kusimama:

“Mama Riziki, mbuzi anakusalimia.”

Muliicheka sana. Mimi nilicheka na mudomo tu, rohoni nilikuwa na haya. Njo sababu siku ya kufunga mwaka nilisimama kanisani wakati wa ushuhuda, nikaweka nadhiri mbele ya watu wote: nyumba yangu itaanza mwaka simu zikiwa chini, tangu bonane, siku ya kwanza ya mwaka, mpaka siku ya Mungu inayofuata. Tutaangaliana sisi kwa sisi na tutamuangalia Mungu. Watu wakapiga makofi. Mama wa kwaya mumoja akapiga kigelegele. Nilishuka pale mbele natembea kama muntu aliyepewa cheo.

Unajua nilivyofanya. Nilichukua safuria kubwa, ile ya vilio, ambayo avenue muzima inakuja kuazima kila mahali panapokuwa na musiba. Kila muntu akafunga simu yake ndani ya kitambaa, akaiweka ndani kwa mukono wake, nikafunika na kifuniko, nikafunga kitenge juu, nikaisukuma chini ya kitanda. Halafu nikafungua Biblia na kuwasomea habari ya Anania na Safira mukewe, waliomuficha Mungu sehemu ya kile walichoahidi, wakaanguka wakafa mumoja mumoja. Nilisoma kwa sauti ya kutisha. Sifa akaanza kulia. Nikaona kulia kwake ni kazi ya Roho. Sasa nasema: mama, yule mutoto alikuwa anaogopa tu.

Lakini zile siku, Riziki! Sitasema uongo, zilikuwa nzuri. Hiyo njo inaniuma mpaka leo, kwamba zilikuwa nzuri. Asubuhi ya kwanza Sifa alikaa kwenye mukeka na mikono mitupu, akauliza:

“Mama, sasa tuangalie nini?”

“Muangalie papa yako.”

“Papa nimekwisha kumuangalia.”

Papa yako alicheka mpaka akaacha chai. Na yeye, muntu wa maneno machache, akaanza kutoa hadithi ambazo mimi mukewe nilikuwa sijazisikia. Alivyokuwa kijana kule Bendera, kazi yake kutoa majani na vijiti kwenye chuma kinachochuja maji kabla hayajaingia kwenye mashine za umeme. Siku moja maji yakamuletea kiatu kimoja cha bibi-arusi, cheupe, kisigino kirefu. Akakiweka, na mwaka muzima kila siku ya Mungu alikuwa anaangalia miguu ya wanawake kanisani. Nikamuuliza, “Na mimi ulinioa juu ya miguu?” Akasema, “Wewe ulikuja pekupeku, nikaona huyu hana kesi.” Wewe ulilala chini kwa kicheko, unajifuta machozi na pindo ya kitenge. Nilikuangalia nikasema moyoni, Bwana, asante, umenirudishia mutoto wangu.

Na simu yako ilikuwa kiunoni mwako, chini ya kile kitenge.

Ngoja kwanza niseme juu ya mujomba wako Bahati, ingawa unamujua, maana usiku huu namufikiri kila nikiinua kalamu. Mama yetu alituacha wakati mudogo wangu hajaota meno yote. Nilimubeba mugongoni mwangu mpaka watu waliniita kwa jina lake, Mama Bahati, mimi musichana asiye hata na matiti. Ile vita ya zamani alikimbilia kwetu hapa, akakaa, akala na sisi, akajifunza kazi ya kutengeneza mashua. Wewe ulizaliwa yeye akiwa ndani ya nyumba hii. Njo yeye alikupokea kutoka kwa mukunga, akakuangalia, akasema, “Mama amerudi.” Jina la mama yetu, Riziki, alikupa yeye. Tangu siku ile hajakuita jina hilo hata mara moja. Anakuita Mama. Na hakuwa anacheza. Alipotaka kwenda kuoa kule muji wa Baraka, alichuchumaa mbele yako, wewe una uji mudomoni, akauliza, “Mama, niende ao nisiende?” Ukasema, “Enda!” Akasimama akasema, “Mama amesema.” Akaenda. Aliacha kikombe chake cha bati, kile chenye ua jekundu, kwenye musumari jikoni, akasema kisiondolewe, muntu mwenye kikombe nyumbani si mugeni.

Basi jioni moja ya zile siku za nadhiri, tulikuwa tunamenya karanga, ukatoka nje. Ulikaa muda. Uliporudi uso wako ulikuwa umebadilika rangi. Nikauliza:

“Riziki, unaumwa?”

“Tumbo, mama.”

Niliacha karanga. Nilichemusha majani ya mchaichai, nikakulaza kwenye mukeka, nikapaka mawese ya moto mikononi, nikakukanda tumbo. Muda murefu nilikukanda. Niliomba juu ya lile tumbo kwa sauti, nikakemea ugonjwa. Ulikuwa umefumba macho na machozi yanatoka, mimi nasema ni maumivu. Kati ya mikono yangu na ile simu kulibaki upana wa kidole kimoja, mwanangu. Kidole kimoja. Na ndani yake mudogo wangu alikuwa amesimama pwani na watoto wake, anangoja.

Siku mbili zilizofuata uliimba na sisi. Ulicheza na sisi. Ulisoma zaburi zamu yako ilipofika.

Halafu siku ya posho, kesho yake kanisa, ikafika mashua nyingine kubwa ya watu kutoka kaskazini, na Mama Zaina akaja mbio. Wanawake wa avenue walikuwa wanapika uji pale bandarini juu ya watoto wa wakimbizi, wanataka safuria. Nilisita. Nadhiri ilibakiza siku moja. Mama Zaina akaweka mikono kiunoni:

“Mama wa maombi, hizo simu zako zinapikwa ao zinaiva kesho? Watoto wana njaa.”

Nikaona haya. Nikaivuta safuria, nikafungua kitenge, nikaanza kutoa vitambaa kimoja kimoja. Cha papa yako. Changu. Chako kilikuwa chepesi, na kinanuka. Nikakifungua. Kipande cha sabuni ya kufulia, ile ya bluu, umekikata vizuri kabisa kwa kisu, pembe zake nne.

Mama Zaina aliangalia sabuni, akaniangalia, na muntu yule anayechekesha kila kitu aliinamisha kichwa, akachukua safuria akaenda. Huruma yake iliniuma kuliko kama angecheka.

Nilikuita. Ulipoona sabuni mukononi mwangu haukujitetea. Ulipiga magoti. Nilifikiri utaniambia habari ya kijana fulani, na mimi nilikuwa nimekwisha kutayarisha maneno ya kijana. Ukasema:

“Mama, mujomba aliandika.”

Ukanipa simu. Nikasoma. Nayajua maneno yake yote, nayaandika hapa bila kuangalia: *Mama, tuko pwani na watoto. Dada hapokei, namba yake imezimwa. Kuna mashua ya Kalemie na kuna mashua ya Kigoma. Sema, tuje ao tusije?*

Chini yake hakuna kitu.

“Ulisoma lini?”

“Siku ya tumbo.”

“Juu ya nini haukusema?”

“Ungejua nilificha simu.” Halafu, kwa sauti ndogo: “Na Papa alisema ninyamaze.”

Riziki, nimezaa, nimezika, nimekimbia vita na mutoto mugongoni na mwingine tumboni. Sijui kama nimewahi kusikia nyumba ikizunguka vile. Papa yako alikuwa nyuma, anapaka mafuta munyororo wa baiskeli. Nilikwenda kwake na sabuni bado mukononi.

“Ni kweli ulijua?”

“Mutoto aliniambia ile ile jioni. Nilisema tusikuvunjie nadhiri yako.”

“Nadhiri yangu ilimuomba nani amufungie Bahati mulango?”

Alizungusha pedali, munyororo ukalia, akasema akiangalia munyororo:

“Nyumba ni ndogo, Mama Riziki.”

Hiyo tu. Miaka yote ya kulala kitanda kimoja, na hilo njo neno nililopewa. Wakati nilikuwa nakukanda tumbo alikuwa amekaa pale pale, anamenya karanga, anajua. Nimeandika mara mbili neno jingine nikalikata, sasa naliacha lenyewe: mulinisaliti. Wote wawili, na mulitumia kitu changu kitakatifu kunisaliti. Sikujua kwamba maombi ya muntu yanaweza kuchukuliwa na watu wake kama mulango wa kumufungia ndugu yake nje. Kanisani wakaniomba nitoe ushuhuda wa ile wiki. Nilisimama, nikasema Mungu ni mwema, nikakaa.

Nilimupigia Bahati mpaka kidole kikauma. Simu inalia, hapokei. Mwishowe wifi yangu, mukewe, akanitumia sauti kutoka kule kambini Tanzania. Umeisikia nusu, nilikuzuia kusikia nusu ya pili. Alisema hivi: “Wifi, usichoke kupiga, lakini hatapokea. Tulingoja pwani mpaka mashua ya Kalemie ikaondoka. Aliona zile alama mbili za bluu, akajua imesomwa. Mimi nilisema pengine rezo ya simu ni mbaya. Akasema, hapana, Mama amesoma akanyamaza. Wifi, kama ni wewe ungemukatalia angekasirika halafu angepona. Lakini anasema aliyemukatalia ni Mama.”

Sasa unaelewa kwa nini siwezi kulitengeneza jambo hili mimi. Nimetuma salamu na watu wa mashua, nimetuma sauti, nimeomba, nimefunga tena, safari hii peke yangu na bila kutangaza. Mimi ni dada tu. Ile siku aliuliza kwa mama yake.

Nimekuwa nikijiuliza mahali nilipokosea, maana sabuni haikujikata yenyewe lakini na mimi nilikuwa ndani ya ile sabuni. Nilitangaza nadhiri yangu kwa kwaya. Nilimwambia Mama Zaina. Niliwaambia hata wanawake wanaonunua ndagala kwangu pale muchangani, ambao hawakuuliza. Mudogo wangu, muntu wangu mumoja aliyekuwa kule kwenye vita, sikumwambia kwamba namba yangu itakuwa imezimwa. Nilipofunga ile safuria nilisema, “Bwana, shika simu zetu zote.” Niliona ni imani. Kumbe nilikuwa namupa Mungu kazi yangu, ya kuinua simu na kusema alo. Na ule ukali wangu wa Anania! Nilitaka watoto wasioficha kitu. Nikakutisha mpaka ukaona heri mujomba wako alale pwani kuliko mimi nijue una simu kiunoni. Sisemi hivyo ili nikutoe kwenye kosa. Kosa lako ni lako, na la papa yako ni lake, na mimi bado nina hasira, usidanganyike kwa vile nilikufungia chapati za safari. Nilikunja kila chapati nikiwa na hasira. Nasema tu kwamba kama siku moja utakuwa na nyumba na watoto ndani yake, na ukaona wanaogopa kukuletea habari mbaya, usifurahi kuona wamekaa kimya.

Simu yangu sasa haizimwi. Ililia wakati wa mahubiri, mutumishi akanyamaza akaniangalia, kanisa lote likaniangalia. Nikatoka nje nikapokea. Ilikuwa namba ya makosa, muntu anatafuta saruji. Nilimushukuru.

Kuna jambo jingine sijui unalijua. Tangu Pasaka papa yako anapiga matofali nyuma ya nyumba. Akitoka kazini anavua shati anakanyaga udongo. Simuulizi ni ya nini, na yeye hasemi. Jana nilipita na maji nikaona ameyapanga marefu, kama ukuta wa chumba. Nilimuachia maji ya kunywa juu ya jiwe, nikaingia ndani. Hapo njo tumefika, mimi na yeye.

Sasa wewe. Kutoka Kigoma kwenda kule kambini si mbali sana, wifi yangu anasema kuna magari. Sikuamuru. Ningekuamuru ungekwenda kwa kuniogopa mimi, na tumeona kuogopa kwako kunazaa nini. Nakuomba. Na usimuandikie. Kwa ile simu njo jambo liliharibika. Enda na mwili wako, na kama hataki kutoka nje ya hema, kaa chini pale mulangoni mpaka atoke. Muntu hawezi kumuacha mama yake kwenye vumbi, namujua. Usiseme ni mimi nilikulazimisha, usimutaje papa yako, usinitetee. Mwambie habari ya sabuni. Pengine atacheka, alikuwa muntu wa kucheka. Halafu jibu lile swali. Aliuliza, tuje ao tusije, na mpaka leo hakuna aliyemujibu. Jibu lenyewe sikuandikii. Unalijua, na ni kinywa chako kilichoulizwa.

Nilifikiri nikupe kile kikombe cha bati umupelekee. Nilikiosha jioni hii, nikakifunga ndani ya gazeti, nikakiweka juu ya valizi yako. Halafu nikakitoa. Ukimupelekea kikombe chake ataelewa vibaya, atasema wamenifungia vitu vyangu. Nimekirudisha jikoni. Mwambie kiko pale pale, kwenye musumari wake, na kimeoshwa.

Jogoo wa Mama Zaina ameanza, na wewe umegeuka, Sifa amelalamika. Nitaificha barua hii chini ya chapati ili usiione kabla ya kufika.

Umujibu yeye kwanza. Ukisha kumujibu, unijibu na mimi, upesi, kwa karatasi ao kwa simu, saa yoyote. Itakuwa inawaka.

Mama yako anayekupenda,
Mama Riziki